Kabla ya kufungua difu: nani hasa anakula dizeli ya pikapu?

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta nchini Tanzania. Tarehe 14 EPRA hufanya hivyo Kenya. Dizeli ikipanda, daftari la safari hufunguliwa mezani katika ofisi yoyote yenye pikapu, iwe halmashauri, shamba la chai, kampuni ya ujenzi au duka la pembejeo. Tuseme mwezi uliopita Hilux ya ofisi ilikwenda kilomita 11 kwa lita moja, na mwezi huu daftari linasema 9.8. Mhasibu anamwangalia dereva kwa jicho la mtu anayejua mafuta yanauzwa wapi. Dereva anasema gari limechoka. Fundi akipigiwa simu anataja nozo, hata gari hajaliona. Na siku hizi yupo wa nne, kijana mpenzi wa magari ya porini, anayeshauri difu ifunguliwe na uwiano wa gia ubadilishwe. Hakuna anayekumbuka kwamba mwanzoni mwa mwezi gari hilo lilivishwa matairi makubwa kwa ajili ya tope la masika.

Kila mmoja wao ana chembe ya ukweli, ndiyo maana ubishi hauishi. Shida ni kwamba wote wanaanzia mwisho. Kiasi cha dizeli kinachochomwa huamuliwa kwanza na kazi inayodaiwa na barabara: kuupasua upepo, kuzungusha matairi, kupanda milima, na kulirudisha gari kwenye mwendo wake kila lilipopunguza. Gia ni dalali tu kati ya injini na barabara. Dalali mzuri hupatanisha bei vizuri, mbaya huharibu, lakini deni lenyewe hakulikopa yeye. Anayetaka kupunguza deni hilo ashughulike na kasi na matairi, na hata kabla ya hapo ahakikishe anapima sawasawa.

Kipimo kwanza

Hilux nyingi hutembelea matairi ya 265/65R17. Kwa hesabu ya namba hizo, kipenyo cha tairi ni takriban milimita 776. Ukiweka 285/70R17, kipenyo kinafika milimita 831, yaani asilimia 7 zaidi. Odometa haina habari na badiliko hilo. Inahesabu mizunguko ile ile iliyofundishwa kiwandani, hivyo gari likienda kilomita 107, yenyewe inaandika 100. Turudi basi kwenye daftari letu: ile 9.8 ni 10.5 ya kweli. Katika kilomita 1.2 zilizodaiwa kupotea kwa kila lita, takriban 0.7 zimepotea kwenye karatasi tu, na iliyobaki, nusu kilomita, ndiyo hasara halisi inayostahili kutafutiwa sababu. Zaidi ya nusu ya "wizi" ule haukuwahi kutokea. Nalo jambo hili lina upande wa pili usiosemwa sana: dereva aliyezoea kushika 100 kwenye spidomita sasa anakwenda kwa kasi zaidi kuliko zamani bila kukusudia, na kasi hiyo ina bei yake, kama tutakavyoona.

Kipimo cha kuaminika hakihitaji mashine. Jaza tenki hadi juu, ngoja povu la dizeli litulie, ongeza tena kidogo, andika odometa, ukirudi, jaza tena kwenye pampu ile ile kwa namna ile ile. Linganisha odometa na vibao vya kilomita vya barabarani au na GPS ya simu, upate kiwango cha kusahihisha. Na usipime safari ya upande mmoja. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari. Kuipandisha pikapu ya tani mbili kutoka Mombasa, ikiwa injini inageuza asilimia 35 ya nishati ya dizeli kuwa kazi, kunadai karibu lita 3 zaidi ya ambazo zingetumika kama njia ingekuwa tambarare. Anayejisifu kwa ulaji wa mafuta alioupata akishuka Mombasa amepima mteremko, hakupima gari.

*Zaidi ya nusu ya "wizi" ule haukuwahi kutokea.*

Upepo hauoni chapa ya gari

Tukichukua pikapu ya kebini mbili yenye uzito wa tani mbili na umbo la kawaida la magari hayo, hesabu za fizikia hutoa picha ifuatayo. Kwenye lami tambarare, kwa kilomita 80 kwa saa, upepo unaizuia kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 39 hivi, na matairi yanadai kilo 24. Kwa 100, matairi yanabaki pale pale lakini upepo unafika kilo 61. Kwa 120, upepo peke yake ni kilo 88. Jumla inatoka 63 kwenda 85, kisha 112. Maana yake, kutoka 80 hadi 120 kazi inayodaiwa kwa kila kilomita inaongezeka kwa zaidi ya robo tatu, kwa sababu nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Dizeli haipandi kwa uwiano huo huo kamili, kwa kuwa injini ikipewa mzigo mkubwa zaidi huchoma mafuta kwa ufanisi zaidi kidogo kuliko ikiwa na mzigo mwepesi. Hata hivyo pengo linabaki kubwa kuliko jingine lolote litakalotajwa katika makala haya. Ongeza keria juu ya paa, ngao ya chuma mbele, taa nne za ziada na turubai linalopepea nyuma, na zile kilo za upepo zinapanda tena. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zenye uso wima kama ukuta, huadhibiwa zaidi na upepo kuliko pikapu za kisasa zilizochongwa.

Hapa hutokea pingamizi la kwanza, nalo husikika sana vijiweni: gari likienda polepole injini inafanya kazi kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo mwishowe mafuta ni yale yale. Hoja hiyo ingekuwa sahihi kama injini ingekunywa kiasi kimoja kwa saa bila kujali kasi. Haiko hivyo. Kuna sehemu ya mafuta inayokwenda na muda, yaani msuguano wa ndani ya injini, alteneta, kiyoyozi, na ndiyo maana kukokota kwa kilomita 30 kwa saa kwa gia ndogo hakuleti nafuu. Lakini kuanzia kilomita 60 au 70 kwa saa kwenda juu, upepo unakua haraka kuliko muda unavyopungua. Kwa pikapu ya dizeli iliyo kwenye gia ya mwisho, eneo la nafuu ni pale inapoanza kuibeba gia hiyo bila kutetemeka, na kwa magari mengi hapo hapafiki 90.

Barabara zetu zina tabia moja zaidi. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma, au Nakuru na Eldoret, kila baada ya kilomita chache kuna kijiji, kibao cha 50, matuta, na mara nyingi askari chini ya mti. Pikapu iliyobeba hadi kufikia tani mbili na nusu, ikipunguzwa kwa breki kutoka 100 hadi 50 na kurudishwa tena kwenye 100, inachoma takriban mililita 58 za dizeli kurejesha mwendo ule uliogeuzwa kuwa joto la breki. Ikitoka 80 ni mililita 30. Kiasi kinaonekana kidogo mpaka uvihesabu vijiji. Arobaini vinatosha kufanya tofauti ya zaidi ya lita moja. Dereva mzuri hatofautiani na mbaya kwa kasi ya juu peke yake. Anaachia kanyagio la mafuta mapema, mita mia kadhaa kabla ya kibao, gari likiwa kwenye gia, na mwendo ambao mwenzake anauteketeza kwenye pedi yeye anautumia kusafiri. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba uendeshaji wa pupa, yaani kukimbiza, kukanyaga ghafla na kufunga breki ghafla, hupunguza umbali kwa galoni kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu. Makadirio hayo yanahusu zaidi magari madogo ya petroli, nami nisingeyapandikiza yote kwenye dizeli ya kazi. Hata nusu yake, hata hivyo, inazidi kitu chochote unachoweza kununua dukani.

Neno moja kuhusu wanaoshuka Kitonga au Mai Mahiu wakiwa "free" wakidhani wanaokoa mafuta. Gari likishuka ndani ya gia huku mguu umeachia, pampu ya dizeli, iwe ya zamani au ya kompyuta, hukata mafuta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka "free", injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Kwa hiyo huokoi kitu, na umezitupa breki za injini mahali unapozihitaji kuliko popote.

Dalali na mipaka yake

Sasa tumjie dalali wetu. Uwiano wa difu husema shafti inazunguka mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja. Tuchukue difu ya 4.1 na gia ya tano ya 0.85, kwa mfano tu. Kwa matairi ya milimita 776, gari likienda 100 injini inazunguka takriban mara 2,380 kwa dakika. Weka yale matairi ya milimita 831 na inashuka hadi takriban 2,230. Wanaotetea matairi makubwa hushika hapo hapo: mizunguko imepungua, kwa hiyo mafuta yamepungua. Kimsingi wako sahihi. Kila mzunguko una gharama yake ya msuguano, na mizunguko michache kwa kazi ile ile ni nafuu. Lakini nafuu hiyo ni kiasi gani? Ikiwa msuguano wa ndani unakula theluthi moja ya mafuta kwenye mwendo wa kawaida, kupunguza mizunguko kwa asilimia 7 kunarudisha asilimia 2 hivi. Kwenye injini ya petroli faida ingekuwa kubwa zaidi, kwa sababu petroli hubanwa pumzi na kibati cha hewa inapofanya kazi nyepesi. Dizeli haina tatizo hilo kwa kiwango hicho, na ndiyo sababu mabadiliko ya gia huipa nafuu ndogo kuliko watu wanavyotarajia.

Na asilimia 2 hizo zina masharti. Injini ya 1HZ iliyo kwenye Land Cruiser nyingi za mashirika na za watalii Afrika Mashariki ina sentimita za ujazo 4,164, silinda sita, haina tabo, na nguvu yake ya mzunguko hufika kilele kwenye mizunguko 2,200 hivi. Injini ya Hilux ya lita 2.4 iliyoingia sokoni mwaka 2015 ina tabo na hufikia kilele chake kati ya 1,600 na 2,000. Ukiipunguzia Hilux mizunguko kidogo, bado iko ndani ya eneo lake. Ukiipunguzia 1HZ, tena kwenye nyanda za juu ambako hewa nyepesi imekwisha kuinyang'anya sehemu ya nguvu, dereva atajikuta anarudi gia ya nne kila mwinuko, na gia ya nne inafuta akiba yote ya gia ya tano. Hapo difu fupi zaidi, ambayo kwenye karatasi inaongeza mizunguko, inaweza kupunguza mafuta kwa sababu inamruhusu kubaki kwenye gia moja. Ndiyo maana majibu ya mafundi wawili waaminifu kuhusu difu yanaweza kupingana na yote mawili yakawa kweli: mmoja anahudumia Pwani, mwingine Njombe.

*Mizunguko michache ni nafuu, mradi dereva asilazimike kurudi gia ya nne.*

Kuna pia wanaovuka mpaka upande wa pili, wakibaki gia ya sita kwa mizunguko 1,100 huku gari linatetemeka mlimani, eti wanabana matumizi. Injini yenye tabo ikikanyagwa kwa nguvu chini ya eneo lake haipati hewa ya kutosha, hutoa masizi, hupasha joto lisilohitajika, na hupiga klachi na giaboksi kwa mishtuko. Kubana matumizi kwa namna hiyo hulipiwa gereji. Kanuni ya vitendo ni rahisi kuliko majedwali: panda gia mapema kwenye tambarare, shuka gia mapema kabla ya mlima, na usikanyage hadi chini ukiwa chini ya mizunguko 1,500.

Meno ya kashata

Matairi yana mlango wao wa kuingilia kwenye tenki. Matairi ya kashata, yenye meno makubwa ya kung'ata tope, hujikunja na kujikunjua zaidi yanapogusa lami, na kila mkunjo ni joto lililonunuliwa kwa dizeli. Ripoti ya Bodi ya Utafiti wa Usafiri ya Marekani ya mwaka 2006 ilikadiria kwamba kupunguza ukinzani wa matairi kwa asilimia 10 huboresha matumizi ya mafuta kwa asilimia 1 hadi 2. Ukiligeuza: kashata yenye ukinzani wa asilimia 30 zaidi inaweza kukugharimu asilimia 3 hadi 6, na hilo linazidi kile ambacho ukubwa wake umekuokolea kwenye mizunguko. Juu yake kuna uzito wa tairi lenyewe, ambao hulipiwa kila unapoondoka kwenye tuta, na kimo cha gari kilichoongezeka, kinachoukabidhi upepo uvungu mpana zaidi. Nusu kilomita iliyopotea katika daftari letu la mwanzo imejificha humo kwa sehemu kubwa, na iliyosalia iko kwenye ile kasi isiyoonekana.

Siwaambii wanaofanya kazi Kilombero wakati wa mvua wavue kashata. Pikapu iliyozama kwenye tope siku nzima ina matumizi mabaya ya mafuta kuliko zote, kwa kuwa kilomita zake ni sifuri. Lakini kashata inayokaa Dar es Salaam mwaka mzima ni pambo, na lipigiwe hesabu kama pambo. Aliye katikati, mwenye lami wiki nzima na vumbi Jumamosi, anahudumiwa vizuri na matairi ya matumizi mchanganyiko yenye ukubwa wa kiwandani.

Kuhusu upepo wa matairi, watu huupa sifa kubwa kuliko inayostahili. Makadirio ya Marekani ni kwamba kila psi moja inayopungua kwenye matairi yote hupoteza asilimia 0.2 hivi ya mafuta. Psi 10 ni asilimia 2. Hilo haliziokoi bajeti za halmashauri, ila ni bure, na tairi lenye upepo mdogo huku limebeba mzigo huchemka na kupasuka. Upepo upimwe asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa namba zilizo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na matairi ya nyuma yaongezwe kabla ya kupakia. Kuzidisha ili "gari liteleze" kunakula katikati ya tairi na kurefusha breki, hasa pikapu ikiwa tupu.

Muda nao una bei

Pingamizi zito kuliko yote ni la mwenye biashara: gari halikununuliwa ili liokoe dizeli, lilinunuliwa lifanye kazi, na muda ni pesa. Nakubali, ila muda wenyewe uhesabiwe. Safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita 450 hivi. Tuseme 150 kati yake ni vijiji, miji na foleni, ambako hakuna anayezidi 50. Katika 300 zilizobaki, anayekwenda 80 anatumia saa 3 na dakika 45. Anayekwenda 100 anatumia saa 3. Faida ni dakika 45. Ikiwa gari lake linatumia lita 8 kwa kila kilomita 100 akiwa 80, na lita 10 akiwa 100, dakika hizo amezinunua kwa lita 6. Kwa aliyebeba mgonjwa, chanjo au samaki wabichi, ni bei nafuu. Kwa anayepeleka saruji au barua za ofisi, atakayefika na kukuta mlinzi anamwambia bosi yuko kikaoni, amelipia dakika 45 ili azitumie kungoja.

Na kungoja kwenyewe kuna ulaji wake. Injini ya dizeli ya ukubwa huu ikiachwa inaunguruma na kiyoyozi kikifanya kazi hula lita moja kwa saa, pengine zaidi. Saa tatu kwa siku, siku 22 za kazi, ni lita 66 kwa mwezi, karibu tenki nzima, na odometa haisogei hata mita moja. Hakuna tairi wala difu itakayoziona lita hizo. Zinaonekana kwenye daftari kama gari bovu au dereva mwizi, kumbe ni mheshimiwa aliyetaka akirudi akute kuna baridi. Mwenye ofisi anayetaka kumdhibiti dereva aanze na agizo lake mwenyewe.

Fundi aitwe lini

Haya yote hayamtoi fundi kazini. Nozo iliyochoka, chujio la hewa lililoziba vumbi la Shinyanga, breki inayoshika, au mfumo wa nne kwa nne ulioachwa umefungwa kwenye lami, vyote hula mafuta kweli. Lakini hivyo huacha alama: moshi mweusi, gurudumu moja lenye joto kuliko mengine, usukani mzito kwenye kona, gari linalosita kupanda. Ulaji uliozidi bila alama yoyote, baada ya dereva, njia au matairi kubadilika, usipelekwe gereji kwanza. Upelekwe kwenye daftari, odometa isahihishwe, tenki ijazwe mara mbili kwa utaratibu, na kwa wiki mbili gari lisizidi 90.

Mwenye pikapu iliyobaki na ukubwa wa tairi wa kiwandani hana sababu ya kugusa difu kwa ajili ya mafuta. Aliyeongeza ukubwa kwa asilimia 7 na anapanda milima na mzigo kila siku anayo sababu: kutoka 4.1 kwenda 4.3 kutamrudishia nguvu yake karibu yote, na mafuta kidogo. Akiamua hivyo abadili difu ya mbele na ya nyuma kwa uwiano mmoja, kwa sababu gari lenye difu zisizolingana, siku litakapofungwa nne kwa nne, litavunja transfa.